Chupa ya Uzi Mwekundu

Kila asubuhi mama yake Chapu alimwita mara moja tu. Hakuwa na haja ya kurudia. Wakati huo Chapu alikuwa ameshaamka, ameshatandika kitanda kwa kuvuta shuka upande mmoja, ameshafagia katikati ya uwanja na kuziacha pembe kama zilivyo, na ameshanawa uso bila kufika shingoni. Shuleni alikuwa na jina lake zuri tu, lakini mtaa mzima ulimwita Chapu, yaani chapuchapu, kwa sababu hakuna kazi aliyoipa muda wake. Mama yake alipenda kuwasimulia watu kwamba hata kuzaliwa, mtoto huyu alizaliwa mkunga akiwa bado anatafuta msumari wa kutundikia mkoba.

"Umeoga?" mama aliuliza siku hiyo ya Jumamosi, huku akipuliza mkaa chini ya sufuria kubwa ya maji.

"Nimeoga, mama."

"Na mgongo?"

"Mgongo nitauoga jioni."

Mama alicheka hadi moshi ukampalia. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo: haraka za Chapu zilichekesha, na mtu anayechekesha hukemewa mara chache. Kwa miaka kumi na miwili ya maisha yake Chapu alikuwa akiamini kwamba kumaliza mapema ndiko kufanya vizuri.

Sufuria ya kuchemshia maji kama ile ilikuwa jikoni kwa kila mtu. Bomba la mtaa lilikuwa likitoa maji pale lilipojisikia, na siku lilipogoma watu walichota kwenye kisima cha bondeni. Na maji ya kisima hicho yalichemshwa kila nyumba kwa sababu ya mtu mmoja, Bwana Chupa. Alikuwa mpimaji wa maji, na alipostaafu aliendelea kupima bila kulipwa na mtu yeyote. Alizunguka na mkoba uliojaa chupa zilizogongana njia nzima, ndiyo maana watoto wakampa jina hilo. Alipita mlango kwa mlango akisema, "Kisima kimekaa chini ya vyoo, jamani. Chemsheni." Wengine walimsikiliza kwa heshima, wengine kwa sababu alikuwa haondoki mpaka aone sufuria iko motoni. Kinyozi, ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mkasi wake, alimwita Waziri wa Kuchemsha.

Mwaka uliopita Bwana Chupa alifariki dunia. Mkewe, fundi wa kushona nguo ambaye kila mtu alimwita Mama Chupa, alibaki na nyumba, cherehani na banda la uani alimokuwa akifanyia kazi mumewe. Watu walitegemea atalipangisha. Badala yake alilifungua madirisha, akapiga deki, akaosha kila kioo kilichokuwa humo, kisha akaweka kibao mlangoni: MAABARA YA BWANA CHUPA. MLANGO UKO WAZI KWA WOTE.

"Mume wangu alipima peke yake miaka yote," alisema siku ile ya kuweka kibao. "Watu walimwona kama mtu wa ajabu kidogo. Nami nilikuwa mmoja wao, msinione hivi. Sasa nataka tupime sote. Atakayetaka kujua jambo, aje tulitafute pamoja."

Mtaa ulimshangaza. Fundi baiskeli alileta sumaku alizozitoa kwenye spika mbovu. Nesi mstaafu, rafiki wa Mama Chupa tangu usichana, alileta kipimajoto, glavu na sabuni ya kuulia vijidudu. Watoto walileta mitungi ya jamu, na mingine ilikuja ikiwa bado na jamu, ikabidi kwanza itafutiwe walaji. Katikati ya meza ilikaa hadubini ya marehemu, lenzi yake moja ikiwa na mkwaruzo. Chapu na jirani yake Ngongoti, mvulana mwenye miguu mirefu kama ya meza, walitazama ngozi ya kitunguu humo wakagombea kiti mpaka Mama Chupa akawatoa wote wawili. Chapu alilipenda banda lile. Alitaka kuwa mtu wa banda lile zaidi ya alivyowahi kutaka kitu kingine.

Kazi ya kwanza ya maabara ilikuwa kupima maji ya mtaa mzima. Nesi aliandaa chupa zilizochemshwa, kila moja ikiwa na kipande cha karatasi kilicholoweshwa dawa. Chupa ikijazwa hadi kwenye alama, ikafungwa na kuwekwa mahali pa joto, mtu husubiri. Maji yakigeuka meusi, yameingiwa na uchafu wa choo. Yakibaki meupe, hayana neno. Mama Chupa, kwa kuwa ni mshonaji, alizitambulisha chupa kwa mtindo wake: kila moja aliifunga uzi shingoni, na kila rangi ilikuwa na mahali pake. Kijani lilikuwa pipa la mvua la fundi baiskeli, njano tangi la sokoni, buluu bomba la shule, na nyekundu kisima cha bondeni.

Ngongoti alipewa kijani na njano. Chapu akapewa buluu na nyekundu.

"Hiyo nyekundu ndiyo kazi yenyewe," Mama Chupa alimwambia, akimshika bega. "Ukifika kisimani, teremsha ndoo, maji ya kwanza mwaga. Teremsha tena, hayo ya pili ndiyo ujaze. Usiguse mdomo wa chupa kwa kidole. Umenielewa, mjukuu wangu?"

"Nimeelewa, Bibi. Nitarudi sasa hivi."

"Sikukwambia urudi sasa hivi. Nimekwambia ujaze vizuri."

Chapu akaenda mbio. Bomba la shule lilikuwa karibu, na maji yake yalitiwa dawa. Akajaza chupa ya uzi wa buluu. Kutoka pale aliona njia ya bondeni. Mvua ya usiku ilikuwa imeifanya tope tupu, na mwanamke mmoja alikuwa akipanda na ndoo kichwani, akiteleza, akishika majani kwa mkono mmoja. Upande wa pili, kwenye uwanja wa shule, wasichana walikuwa wakipiga kelele. Mashindano ya kuruka kamba yalikuwa yameanza, na mtu fulani alikuwa akiita, "Chapu! Zamu yako inapita!"

Akaitazama chupa ya uzi mwekundu. Akaitazama njia. Maji ni maji, aliwaza, yote yanaonekana sawa. Akaiweka chupa ya pili chini ya bomba lile lile, akaijaza hadi kwenye alama, akaifunga bila kugusa mdomo kwa kidole. Katika hilo alikuwa makini sana. Kisha akakimbilia kwenye kamba, akanaswa mguu kwenye mruko wa kwanza, akatolewa.

Alirudi maabara kabla ya Ngongoti, ambaye alikuja baadaye akiwa na tope la njia ya sokoni hadi magotini.

"Mwenzako katapakaa tope, na wewe viatu vikavu!" Mama Chupa alishangaa. "Umeruka angani?"

"Nilipita pembeni, kwenye majani," Chapu alijibu, na neno lilitoka jepesi kiasi kwamba yeye mwenyewe alishangaa.

Chupa ziliwekwa ndani ya sanduku lililojazwa vipande vya nguo ili zisipoe, na watu wakatakiwa kuja Jumatatu jioni kusikia majibu. Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya shule, Chapu na Ngongoti walipita maabara. Waliwakuta Mama Chupa na Nesi wamesimama mbele ya sanduku. Chupa ya pipa la fundi baiskeli ilikuwa nyeusi tii. Ya sokoni, nyeupe. Ya shule, nyeupe. Na ya kisima, nyeupe.

"Haiwezekani," Nesi alisema. "Kisima kile? Tupime tena."

Mama Chupa alimgeukia Chapu, akainama hadi nyuso zao zikawa sawa. "Mjukuu wangu, ulichota kisimani wewe mwenyewe?"

Chapu alihisi masikio yakipata moto. Neno moja tu lingetosha. Lakini Ngongoti alikuwa pale, na Nesi alikuwa pale, na kile kiti cha mbele ya hadubini kilikuwa pale.

"Ndiyo, Bibi."

"Ulimwaga maji ya kwanza?"

"Niliyamwaga."

"Basi." Mama Chupa alijinyoosha polepole. "Kama ndivyo, jibu ni hilo."

"Rafiki yangu, kurudia si vibaya," Nesi alisisitiza.

"Lingekuwa jibu la kunifurahisha, ningerudia? Nisingerudia. Sasa nikirudia kwa sababu limenichoma, hapo sipimi maji, namtetea mume wangu. Nimeandika mlangoni kwamba hapa tunatafuta ukweli pamoja. Siwezi kuanza kwa kuchagua ule unaonipendeza."

Nesi alitikisa kichwa, lakini hakuweza kumshinda. Njia nzima ya kwenda shule Ngongoti alikuwa akipiga jiwe teke. Mwishowe akauliza, "Chapu, kule kwenye majani ulipita wapi? Mimi jana nilipotumwa kisimani sikuona pa kupita, niliona tope tu."

"Kwani wewe unaona kila kitu?" Chapu akamjia juu. Ngongoti akanywea, na Chapu akajichukia kidogo, ingawa hakutaka kujiuliza kwa nini.

Jioni uwanja wa Mama Chupa ulijaa. Wengine walikalia ndoo zao, maana bomba lilikuwa limegoma tena na walikuwa wametoka kisimani. Mama Chupa alisimama mlangoni pa banda akiwa amevaa gauni lake la kutokea. Alisoma majibu moja baada ya jingine, mpaka akafika kwenye kisima.

"Maji ya kisima ni safi. Mume wangu aliwaambia kwa miaka mingi kwamba ni machafu, akawachosha kwa kuchemsha. Alikosea. Kwa kuwa hayupo, naomba radhi kwa niaba yake."

Kisha kinyozi akapaza sauti. "Aisee! Kumbe Waziri alitumalizia mkaa bure! Mimi nilisema zamani, yule mzee alikuwa na wasiwasi wake tu." Watu wachache wakacheka, kicheko cha aibu, wakitazama chini. Kinyozi, alipoona anachekewa, akaongeza: "Ila mama, sisi tuna hakika gani? Wewe mwenyewe unaweza kuyanywa hivi hivi?"

Mama Chupa aliomba kikombe, akakichovya kwenye ndoo ya mwanamke aliyekuwa karibu, akanywa mbele ya wote hadi tone la mwisho. Kisha akakichovya tena, akamnyooshea Chapu akitabasamu, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

"Na mwanasayansi wangu naye. Kunywa, wakuone."

Chapu alikipokea. Mama yake alikuwa amesimama safu ya mbele, kifua mbele, akimgusa jirani kwa kiwiko. Chapu alikiinua kikombe, akayaingiza maji kinywani, akayaweka upande mmoja wa shavu, akashusha koo kama mtu anayemeza. Watu wakampigia makofi. Makofi yalipokuwa yakiendelea, alijipenyeza hadi nyuma ya banda, akayatema ukutani, akatema tena na tena, akafuta ulimi kwa mkono wa gauni. Alisimama pale akiangalia ukuta uliolowa. Alikuwa amewaacha watu wote wale wayaamini maji ambayo yeye mwenyewe hakuthubutu kuyameza.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko alivyoweza kufikiri. Mama aliacha kuchemsha. Sufuria kubwa iligeuzwa chini juu, na mama aliwaambia wapita njia, "Mwanangu ndiye aliyeyapima yale maji. Sasa mkaa wangu nakaanga nao samaki." Nyumba hadi nyumba, moshi wa asubuhi ulipungua. Chapu alikuwa akijaza chupa yake ya maji shuleni na kuificha chini ya kitanda. Alikunywa hayo tu. Mdogo wake alipoomba maji, Chapu aliwahi kabla ya mama na kummiminia kutoka kwenye chupa ile. Akifanya hivyo aliwasikia watoto wa nyumba ya pili wakigombea kikombe uani kwao, na hao hakuwa na maji ya kuwapa.

Mara kadhaa alifika hadi mlangoni pa maabara ili aseme. Mara moja alimkuta Mama Chupa peke yake, amekaa na picha ya mumewe. Alikuwa ameitoa ukutani na ameishika mapajani. "Nilikuwa najivunia kazi yake," alisema alipomwona Chapu, kama anayeongea na mtu mzima mwenzake. "Sasa sijui nijivunie nini. Lakini ndiyo hivyo, ukweli ni ukweli." Chapu aliitazama picha ile. Akaaga, akaondoka akikimbia.

Kisha habari zikaja kwamba Mama Chupa anaumwa tumbo, anaharisha na kutapika, hawezi kusimama. Mama yake Chapu hakungoja kuitwa. Alijitwika ndoo ya maji, akamwambia Chapu abebe pakiti za dawa ya chumvi, ile ya kurudisha maji mwilini, alizopewa na Nesi, maana Nesi mwenyewe alikuwa amekwenda kuita gari.

Chumbani Mama Chupa alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Chapu alisimama mlangoni. Mtu yule ambaye Chapu alizoea kumwona akikata vitambaa kwa mkasi mkubwa, akiimba, sasa alikuwa mdogo kitandani.

"Usijali, mama yangu," mama yake Chapu alisema, huku akipasua pakiti. "Nesi amesema unywe maji mengi yenye dawa hii. Ameniambia yawe safi kabisa. Nami nimekuletea yale yale aliyoyapima huyu binti yetu." Akachota kutoka kwenye ndoo, akamimina ndani ya jagi, akakoroga, akajaza glasi. Mama Chupa akaunyanyua mkono wake kwa shida, akaipokea, akaipeleka mdomoni.

"Usinywe!"

Chapu hakujua alivyofika kitandani. Aliipiga ile glasi kwa kiganja, ikaanguka, maji yakaenea sakafuni hadi chini ya cherehani.

"We mtoto una wazimu?" mama yake alifoka.

"Haya sikuyapima," Chapu alisema. Alikuwa akilia na maneno yalitoka vipande vipande. "Yale niliyoleta siku ile, mama, hayakuwa ya kisima. Nilijaza zote mbili bombani shuleni. Kulikuwa na tope. Nilikuwa nataka kuruka kamba. Sikwenda kisimani. Sikufika kabisa."

Mama yake alibaki na kijiko hewani. "Lakini wewe uliyanywa. Mbele ya watu. Nilikuona."

"Niliyatema nyuma ya banda. Na mdogo wangu nilikuwa nampa ya shuleni." Alificha uso kwa mikono. "Nilijua, mama. Siku zote nilijua."

Mama aliketi kwenye kiti kama aliyekatwa miguu. Chapu alingoja kupigwa, na moyoni alitamani apigwe. Kisha kutoka kitandani ikaja sauti ndogo.

"Kwa hiyo hakukosea."

Mama Chupa alikuwa akimtazama Chapu, machozi yakimshuka kupita pua hadi kwenye mto.

"Hakukosea, Bibi."

"Nami nikasimama mbele ya mtaa mzima nikasema amekosea. Mume wangu. Nikamwombea radhi." Alifumba macho. "Mtoto wewe, tumbo litapona. Lakini hilo la kunifanya nimseme mume wangu vibaya limeniuma kuliko tumbo."

Hakuna adhabu ambayo ingemfikia Chapu kama maneno yale. Alipiga magoti kando ya kitanda.

Aliyezinduka wa kwanza alikuwa mama yake. Alimwaga jagi lote nje, akachukua maji ya chupa ambayo Nesi alikuwa ameyaacha kabatini, akakoroga dawa upya na kumnywesha mgonjwa kijiko kwa kijiko. Nesi alipofika na gari, akaelezwa mambo yalivyo, alisema tu, "Mlangoni kwangu kuna dawa ya kutibu maji. Chukueni yote." Akaondoka na rafiki yake kwenda hospitali.

Mama alimgeukia Chapu. Uso wake ulikuwa mgumu. "Inuka. Twende."

"Wapi, mama?"

"Kila nyumba. Watu wanakunywa maji hivi tunavyoongea. Mimi nitabeba dawa. Kusema utasema wewe."

Walianza na nyumba ya jirani. Mara ya kwanza Chapu aliongea akiangalia vidole vya miguu yake, na mama akamwambia, "Hawajasikia. Inua kichwa." Akainua. "Maji ya kisima si safi. Mimi sikuyapima. Nilidanganya. Tafadhali chemsheni." Nyumba nyingine walimkemea. Nyingine walimtazama tu, wakaingia ndani kumwaga ndoo, na hao ndio waliomuumiza zaidi. Kwenye nyumba yenye wale watoto waliokuwa wakigombea kikombe, mmoja wao alikuwa amelala mkekani akishika tumbo. Mama yao alimchukua mtoto, akampakata, akamwangalia Chapu usoni. Mama yake Chapu aliweka dawa ya chumvi mlangoni, akaeleza namna ya kuikoroga, na sauti yake ilikuwa chini sana, kwa sababu yeye ndiye aliyezunguka akijigamba, na aibu ya mwanawe ilikuwa yake pia.

Kwenye kibanda cha kinyozi kulikuwa na wateja. Chapu alisema mbele yao wote. Kinyozi alizima mashine, akaiacha kazi ya mteja ikiwa nusu kichwa. "Ni mimi niliyemwambia anywe," alisema mwishowe. "Nilitaka kuchekesha watu." Akachukua pakiti mbili za dawa ya maji, akaenda kuzigawa upande wa pili wa mtaa bila kuombwa, na mteja wake akimfuata nyuma na kichwa chake cha nusu.

Mtoto wa mkekani alipata nafuu, na watu wengine wachache walioumwa walipona vilevile. Mama Chupa alirudi nyumbani akiwa amekonda. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuagiza kisima kipimwe upya, na safari hii watu wenyewe wafuatane na chupa. Msafara wa bondeni ulikuwa mrefu. Chapu ndiye aliyechota, akiwa na tope hadi mapajani. Alimwaga maji ya kwanza. Ngongoti alishika chupa ya pili na kuijaza peke yake, kwa sababu Nesi alisema safari hii hakuna jibu litakalotolewa na mkono mmoja.

Siku ya majibu uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Chupa zote mbili za kisima zilikuwa nyeusi kama masizi. Mama Chupa aliketi kwenye kiti, shali mabegani, akampa Chapu ishara asome yeye.

Chapu alisimama mlangoni pa banda. "Maji ya kisima ni machafu," alisema. "Bwana Chupa alisema kweli. Aliyekosea ni mimi."

Alidhani amemaliza, akaanza kuondoka haraka kama kawaida yake, lakini Mama Chupa akamshika mkono, akambakiza pale pale.

"Subiri, mjukuu wangu. Nisikilizeni, hasa ninyi watoto," alisema. Sauti yake ilikuwa bado dhaifu, ikabidi watu wasogee. "Huyu alikosea mara tatu. Kwanza alikuwa mvivu wa kushuka bondeni. Hilo ni la kawaida, hata mimi lile tope silipendi. Lakini nilipomuuliza, akadanganya. Angesema pale pale, ningemkaripia, angerudi kisimani, yangekwisha kabla ya saa ya chai. Na la tatu, alijua watu wanaumia akanyamaza, kwa kuogopa aibu. Aibu aliyoikimbia ilikuwa ya kuonwa na watu watatu. Iliyomkuta ni hii mnayoiona."

Kisha akawatazama watu wazima. "Na mimi pia nilikosea: Nesi aliniambia tupime tena, nikakataa. Nilidhani kurudia ni udhaifu. Mume wangu alikuwa akipima kila kitu mara mbili, nikamcheka. Kwa hiyo msimnyooshee kidole huyu peke yake."

Fundi baiskeli alijitolea kutengeneza mfuniko wa kisima. Wazee wa mtaa walikubaliana kuhamisha vyoo vilivyokuwa juu yake, na sufuria zikarudi motoni. Kinyozi alitoka mbele, akavua kofia, akaigeukia picha ya marehemu iliyokuwa imerudishwa ukutani. "Mzee, nisamehe," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Watu walipoondoka, Chapu alibaki. "Bibi, mimi nisije tena maabara?"

Mama Chupa alifikiri. Hakuharakisha jibu, na Chapu hakuthubutu kumharakisha.

"Nimekusamehe," alisema mwishowe. "Lakini kukuamini sijaanza upya, na sitakudanganya kwamba nimeanza. Utakuja kila Jumamosi. Utapima, na mwenzako atapima tena baada yako, na wewe hutanuna. Siku nyingi zitapita hivyo. Ipo siku nitakuuliza kama umefika kisimani, utanijibu, nami nitakwenda kulala bila kutuma mtu kuhakikisha. Siku hiyo ndiyo uifanyie kazi."

"Itakuwa lini, Bibi?"

"Sijui, mjukuu wangu. Hiyo haina haraka."

Chapu aliitikia kwa kichwa. Akachukua chupa zile nyeusi, akazipeleka kwenye karo, akaanza kuziosha moja moja, ndani na nje, mpaka giza lilipoingia na mama yake akaja kumtafuta.